"Hebu tueleze kuhusu wewe" si swali la ukoo

Mnaokwenda kwenye usaili wiki hii hapa Tanga, nisikilizeni kidogo. Mimi usaili wa kwanza nilianzia nilikozaliwa, Pangani, nikapita shule ya msingi. Nilipofika kidato cha pili, mmoja wa wasaili akawa anachezea kalamu. Hayo yote walishayasoma kwenye wasifu wangu.

Sasa naanza na kazi ninayofanya, natoa kisa kimoja chenye namba, kisha nasema kwa nini nimewafuata wao. Mfano: "Mimi ni karani wa ghala. Marobota ya mkonge yalikuwa hayalingani na daftari kila mwezi. Nikaanza kuyahesabu gari likiwa bado mlangoni, tofauti ikashuka kutoka marobota 9 hadi 1." Dakika moja na nusu inatosha, kisha nyamaza. (Kunyamaza ndiko kugumu!)

Udhaifu? Taja wa kweli na unavyoushughulikia. Ile ya "najituma kupita kiasi" imeshachuja.

Kwenye mshahara ndiko wengi tunakoliwa. Ukitaja kiasi, sema palepale kama ni kabla ya makato au cha mkononi. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwa kawaida inakata asilimia 10 upande wako, halafu inakuja PAYE, yaani kodi ya mshahara. Jirani yangu wa Ngamiani alisema laki sita akiwaza za mkononi, waajiri wakaandika laki sita kabla ya makato. Mwezi wa kwanza alipoona meseji ya benki, alidhani wamekosea.