Somo: Kutengeneza kitabu cha hadithi za picha kwa watoto, na kwa nini maneno hutangulia michoro

Karibu kila wiki naulizwa swali lile lile kwa maneno tofauti: mtu amemaliza kuchora hadithi ya picha kwa ajili ya watoto, michoro inapendeza, lakini watoto aliowapa wanairukaruka, au wanatazama picha tu na kuyaacha maneno. Nimelijibu mara nyingi kwa vipande vipande, na sasa nimeona afadhali niandike hatua zote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo linahusu kitabu chembamba cha kurasa 16, cha msomaji wa miaka 6 hadi 10, kinachochapwa kwenye karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, hivyo kila ukurasa una ukubwa wa A5.

Hatua ya 1. Andika hadithi yako kwa sentensi tano. Isipoenea katika sentensi tano, haitaenea katika kurasa 16.

Hatua ya 2. Igawe hadithi katika kurasa. Kitabu kinachokunjwa na kubanwa kwa pini katikati lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa nne, kwa sababu kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne. Ukurasa wa 1 hukaa upande wa kulia, kwa hiyo kurasa zote za namba witiri huwa kulia na za namba shufwa huwa kushoto. Jambo la kushtukiza liweke katika fremu (kisanduku kimoja cha mchoro) ya kwanza ya ukurasa wa namba shufwa, mahali ambapo mtoto hawezi kuliona mpaka afunue. Ukiliweka kulia, jicho lake litalidokoa kabla hajasoma upande wa kushoto.

Hatua ya 3. Andika muswada fremu kwa fremu: nani yupo, anafanya nini, anasema nini. Kwa umri huu natumia fremu nne hadi sita kwa ukurasa. Kila fremu ibebe tendo moja tu, kwa kuwa mhusika hawezi kufungua mlango, kuketi na kuanza kulia ndani ya fremu moja.

Hatua ya 4. Weka maneno kwanza, kisha chora.

Hapa ndipo nilipoharibu kitabu changu cha kwanza, na hapa ndipo wengi wanaoniuliza wanapoharibu vyao. Nilichora kurasa zote, nikatia wino, nikafuta penseli, halafu ndipo nikaanza kutafuta mahali pa kuweka viputo vya maneno, yaani yale maumbo yenye mkia yanayobeba maneno ya wahusika. Katika ukurasa wa 9 msichana anamwuliza babu yake ufunguo uko wapi, na babu anamjibu kwamba umo ndani ya mtungi. Nilikuwa nimemchora babu kushoto na msichana kulia, hivyo kila mtoto aliyesoma alikutana na jibu kabla ya swali. Nilijaribu kuupitisha mkia wa kiputo cha msichana juu ya kichwa cha babu ili swali lianze kushoto, ikawa vurugu zaidi, kwa sababu sasa watoto walidhani babu ndiye anayeuliza. Katika ukurasa uliofuata kiputo cha mwisho hakikupata nafasi isipokuwa juu ya mkono wa msichana, na mkono huo ndio uliokuwa umeushika ufunguo. Hadithi nzima iliegemea mkono ule, nami niliufunika. Nilichora upya kurasa 11.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Juu ya karatasi ya rasimu napiga mistari ya fremu, kisha naandika maneno kwa ukubwa wake halisi, nazungushia viputo, na mwisho kabisa naweka vichwa vya wahusika chini ya viputo vyao kwa duara tupu. Anayesema kwanza hukaa kushoto. Kiputo chake huwa juu, na cha anayejibu huwa kulia na chini kidogo. Usiruhusu nafasi hizi mbili zipingane, yaani kiputo kimoja kiwe juu lakini kulia, na kingine kiwe chini lakini kushoto, kwa sababu mtu mzima atakisia na kupatia, ila mtoto anayejifunza kusoma hana nguvu ya ziada ya kukisia. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni, wala usielekee bega au kiwiko, na uishie njiani bila kuugusa uso.

Zingatieni maonyo matatu katika hatua hii. La kwanza, Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, hivyo maneno kama «hawatatukumbuka» na «alipowakaribia» hayatoshi katika kiputo chembamba, na kulikata neno mwishoni mwa mstari humvuruga msomaji mchanga. Panua kiputo, au badilisha sentensi. Viputo virefu vyembamba tunavyoviona katika manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, vilitokana na maandishi ya Kijapani kushuka kutoka juu kwenda chini, na umbo hilo halitufai sisi tunaoandika kutoka kushoto kwenda kulia.

Onyo la pili ni kwa wanaochora kwenye A4 ili mchoro upunguzwe kuwa A5. Kipimo hushuka hadi takribani asilimia 71, na herufi ya pointi 10 uliyoiandika hutoka ikiwa na pointi 7. Ukitaka mtoto asome herufi ya pointi 10, andika ya 14.

La tatu, tumia herufi ndogo zenye herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi, kwa sababu ndizo mtoto anazokutana nazo zaidi katika vitabu vingine. Kisha hakikisha kwamba fonti yako inaonyesha vizuri alama ya ng'. Nimeona vitabu ambamo alama hiyo imepotea, na tofauti kati ya «ng'oa» na «ngoa» si ndogo: la kwanza ni kukitoa kitu kilichojishika, la pili ni wivu au tamaa.

Hatua ya 5. Chora kwa penseli, ukiviacha viputo vilipo.

Hatua ya 6. Tia wino, usubiri ukauke, ndipo ufute penseli.

Hatua ya 7. Skani michoro ya mistari myeusi kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 600 na ya rangi kwa dpi 300. Kama mchoro unafika ukingoni mwa ukurasa, uongeze milimita 3 kila upande utakaokatwa, na usiweke neno lolote karibu na ukingo huo.

Hatua ya 8. Panga kurasa za kuchapa. Kurasa mbili zinazochapwa bega kwa bega lazima jumla ya namba zake iwe 17: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, na kuendelea hivyo mpaka 8 na 9.

Hatua ya 9. Mpe mtoto nakala moja asome kwa sauti huku akifuata kwa kidole, nawe ukae kimya. Kidole kikisita au kikirudi nyuma, weka alama mahali hapo. Usimwulize kama amekipenda, kwa maana atakujibu kwa adabu.

MASWALI YA WANACHAMA

MwandishiMpya: Asante kwa somo zuri. Naomba kujua, ni bora nianze na michoro au maneno?

Jibu: Hatua ya 4, na kichwa cha somo chenyewe. Tafadhali soma kwanza, kisha uulize pale utakapokwama.

KalamuNyeusi: Nimekwisha kutia wino kurasa 18 na sikuacha nafasi ya viputo. Je, hakuna njia ya mkato?

Jibu: Iko moja. Yatoe maneno nje ya michoro, uyaandike chini ya kila fremu kwa sauti ya msimulizi. Njia hiyo ni ya heshima na ya zamani. Rodolphe Töpffer wa Uswisi, aliyechapisha hadithi zake za picha katika miaka ya 1830, aliandika maneno chini ya michoro bila viputo. Utapoteza uhai wa mazungumzo, lakini utaokoa kazi yako. Hata hivyo 18 haigawanyiki kwa nne. Ongeza kurasa mbili au upunguze mbili. Jambo hilo liko katika hatua ya 2.

MamaWawili: Binti yangu ana miaka 7. Katika ukurasa mmoja nimepanga fremu mbili ndogo upande wa kushoto, moja juu ya nyingine, na fremu moja ndefu upande wa kulia. Kila mara anaruka kutoka fremu ya juu kwenda kwenye ile ndefu, halafu anarudi chini na kuchanganyikiwa. Kosa ni langu au ni kwamba hajazoea?

Jibu: Dada, umetazama vizuri sana. Binti yako anafuata alichofundishwa, yaani kwenda kulia mpaka mwisho wa mstari ndipo ashuke. Mpangilio wako unamtaka ashuke kabla ya kwenda kulia, na hakuna kitu kinachomwambia hivyo. Una njia mbili. Geuza ukurasa, fremu ndefu iwe kushoto na zile mbili ndogo ziwe kulia, kwa sababu hapo hakuna njia ya kupotea: atamaliza ile ndefu, atakwenda kulia, kisha atashuka. Kama hadithi haikuruhusu kugeuza, sogeza fremu mbili ndogo zikaribiane mpaka zikaribie kugusana, na uache nafasi pana kati yake na ile ndefu, ili jicho lizione kuwa ni jozi. Unaweza pia kukiacha kiputo cha fremu ya juu kishuke kidogo na kuvuka mpaka wa fremu ya chini, kikawa daraja. Kwa watoto walio chini ya miaka 8 mimi mwenyewe hupanga safu zilizonyooka tu.

FundiMichoro: Kwa maoni yangu kanuni hizi zinambana msanii. Mchoraji stadi hupanga ukurasa anavyotaka, na msomaji humfuata.

Jibu: Msomaji mzoefu humfuata. Somo limetaja umri tangu aya ya kwanza, na mtoto wa miaka 6 bado anapambana na silabi. Anapopotea hadhani kwamba mchoraji amekosea, anadhani yeye mwenyewe hajui kusoma, naye hukifunga kitabu. Sitakubali ukurasa wangu umfanye mtoto ajidharau.

Mwalimu wa Darasa la Pili: Baadhi ya wazazi wananiambia kwamba hadithi za picha si kusoma, na kwamba mtoto akizizoea atavikataa vitabu vya maneno matupu. Nami naona wanafunzi wangu wakifikiri sana wanapozisoma, lakini sijui nieleze vipi.

Jibu: Mwalimu, waonyeshe nafasi nyeupe kati ya fremu mbili. Katika fremu ya kwanza mvulana ameinua mpira juu ya kichwa; katika ya pili chungu kimepasuka na mvulana ameshika mdomo. Hakuna aliyechora mpira ukiruka, wala hakuna aliyeandika kwamba ni ajali. Mtoto ameyajaza yote hayo mwenyewe, na ukimwuliza «umejuaje?» atakuonyesha ushahidi kwa kidole. Huko ni kufasiri, na ndiko tunakokutaka katika kila kitabu. Mwombe kisha aandike sentensi mbili za kilichotokea katika nafasi ile nyeupe. Hapo utakuwa umemvusha kutoka kwenye picha kwenda kwenye maandishi bila kumnyang'anya chochote. Kwa mzazi anayetaka kusikia kauli ya wakutubi, mweleze kwamba Medali ya Newbery, ambayo hutolewa Marekani kwa fasihi ya watoto tangu mwaka 1922, ilikwenda kwa riwaya ya picha kwa mara ya kwanza mwaka 2020, nayo ni New Kid ya Jerry Craft.

Chipukizi22: Naweza kumtumia mhusika wa katuni maarufu ili kitabu changu kiuzike haraka?

Jibu: Hapana. Mhusika huyo ana mwenyewe. Mchore nyumbani kwa mazoezi, lakini usimuuze.

SautiYaNgoma: Naona wachoraji wengi wakiandika milio ya kigeni pale mtu anapoanguka au kitu kinapovunjika. Je, tanakali zetu zinaweza kufanya kazi hiyo, au zitaonekana kama za shuleni?

Jibu: Nimelisubiri swali hili kwa muda mrefu. Tanakali zetu hufanya kazi ambayo milio mingi ya kuazima haiwezi. Mtu akianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu. Maana yake ni kwamba unaweza kuchora miguu miwili tu ikitokeza juu ya ukingo wa fremu, ukaandika «tapwi!», na mtoto akajua palipo chini pana matope kabla hujampa picha ya matope. Zinaonekana za shuleni pale zinapoandikwa kwa fonti iliyonyooka pembeni, kama mfano wa kitabu cha sarufi. Zichore kwa mkono, zifuate mwelekeo wa tendo: «chubwi» ishuke pamoja na anayeanguka, herufi zake zikikua kadiri zinavyokaribia maji. Hata kimya kina neno lake. Fremu ya darasa lililonyamaza ghafla, yenye «jii» ndogo katikati ya nafasi tupu, huwafanya watoto washushe sauti wenyewe wanaposoma.

SautiYaNgoma: Na giza totoro?

Jibu: Fremu nyeusi yote, neno «totoro» kwa herufi nyeupe, na macho mawili. Ila iweke upande wa kushoto, baada ya kufunua.

MamaWawili: Nimegeuza ukurasa kama ulivyonielekeza, na leo amesoma mpaka mwisho bila kurudi nyuma. Nami niongeze jambo kwa wengine: badala ya kuandika na kufuta maneno kwenye rasimu, nilikata viputo vya karatasi, nikaandika maneno juu yake, nikawa navihamisha mpaka kila kimoja kikapata mahali pake. Binti yangu ndiye aliyekuwa akivipanga, nami nikachora wahusika pale alipoviacha.

Jibu: Njia hiyo ni bora kuliko yangu, kwa sababu msomaji mwenyewe ndiye aliyepanga mfuatano. Naiongeza katika hatua ya 4. Tafadhali tueleze ulitumia gundi gani isiyochana karatasi ya rasimu.

MamaWawili: Sikutumia gundi. Nilivilaza tu, na vilipokwisha kutulia nikavizungushia penseli.