SOMO: Kujua Giardia ya mbwa na ya mtu ni kundi gani (someni kabla ya kunijia DM)

Nimechoka kujibu hii kitu mmoja mmoja, naandika mara moja halafu mniache. Swali ni lilelile: mbwa ana Giardia (kimelea kidogo cha utumbo kinacholeta kuharisha), watoto wa hiyo boma wana Giardia, wameambukizana ama hapana? Kwa hadubini huwezi jua. Sisti (kimelea kikiwa ndani ya ganda, kinavyotoka na kinyesi) zote ni kiyai cha maikromita 8 hadi 12, hazina jina usoni. Lazima usome jeni. Makundi ya Giardia ni A mpaka H: A na B hushika watu na wanyama wengi, C na D kwa kawaida ni ya mbwa, E mifugo, F paka, G panya, H sili wa baharini.

1. Vibali vya NACOSTI (tume ya serikali ya Kenya inayoruhusu utafiti), kamati ya maadili, na ridhaa ya wenye boma. Usiruke.

2. Chukua kinyesi kabla mbwa hajapewa dawa ya minyoo, siku tatu tofauti ukiweza, maana sisti hazitoki kila siku.

3. Kuhifadhi. Hapa ndipo nilichoma, kwa hivyo sikizeni. USIWEKE FOMALINI. Kwa hadubini fomalini iko poa kabisa, sisti zinakaa vizuri unafurahia, lakini DNA inaharibika na PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) inakataa, na utalaumu praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) wiki nzima na praima hazina makosa. Tumia ethanoli 70% ama potasiamu daikromati 2.5%, uweke kwa friji nyuzi 4. Daikromati ni sumu, inaweza leta kansa, vaa glavu na usimwage kwa sinki. Na kabla ya kutoa DNA uioshe na maji safi, zungusha kwa sentrifuji, mwaga, rudia mpaka ile rangi ya machungwa iishe, ikibaki hata kidogo inasumbua PCR.

4. Elesha kwa zinki salfeti ya uzito wa 1.18 ukilinganisha na maji, hakikisha sisti ziko.

5. Vunja ganda. Seti ya kutolea DNA peke yake mara nyingi haitoshi, ganda la sisti ni gumu. Tikisa na shanga ndogo za kioo, ama gandisha na uyeyushe mara kadhaa. Naitrojeni ya maji ongea na watu wa AI ya ng'ombe (wanaopandisha kwa mrija), wao hawakosi mtungi.

6. PCR ya raundi mbili, ya pili inanakili kilichotoka kwa ya kwanza. Anza na jeni ya SSU, nakala zake ni nyingi kwa hivyo inashika hata sampuli dhaifu, lakini ina G na C nyingi (hizi ni herufi za DNA, si makundi), ongeza DMSO 5%, kemikali ya kulegeza DNA. Halafu jeni za bg, tpi na gdh. Weka BSA (protini ya kusaidia PCR), kinyesi kina vitu vya kuzuia kimeng'enya. Mirija ya raundi ya kwanza usiifungue karibu na mahali unachanganyia, na kila raundi iwe na mrija wa maji tu. Maji yakitoa mstari kwa jeli, tupa zote uanze upya.

7. Peleka kusoma sikwensi (mpangilio wa herufi za DNA) pande zote mbili, linganisha na za GenBank (hazina ya sikwensi mtandaoni).

MASWALI

mdau_Dagoretti: Nimeona SSU imetoa B kwa mbwa na B kwa mtoto wa hapo. Si naandika wameambukizana?

Mimi: Hapana. Ni kama kusema watu wawili ni ndugu kwa sababu wote ni Wakenya. Soma bg, tpi na gdh, zikifanana zote tatu ndio tuanze kuongea, na hata hapo nani alimpa nani bado hujui.

kijana_wa_lab: Mkuu sampuli zangu ziko kwa fomalini tangu mwaka jana, nitumie praima gani?

Mimi: Rudi hatua ya 3.

kijana_wa_lab: Nimesoma lakini hakuna njia?

Mimi: Kuna watu wamefaulu na vipande vifupi, wengi hawakufaulu. Kukusanya upya ni rahisi. Hiyo nimeandika kwa herufi kubwa ndugu yangu.

Nyambu: Daktari samahani, mbwa mmoja SSU inasema kundi C na bg inasema kundi B. Na kwa picha ya sikwensi kuna mahali vilele viwili vimesimama pamoja, bluu na nyekundu. Nimeharibu?

Mimi: Hujaharibu dada, swali zuri. Kwanza, mbwa anaweza kuwa na makundi mawili tumboni kwa wakati mmoja, na kila praima inapenda lake, hizi jeni hugombana hivyo mara nyingi. Jaribu praima za kundi mojamoja, ama fanya kloni (kila kipande cha DNA kiingie kwa bakteria yake, usome kimoja kimoja). Pili, hicho kilele cha bluu ni herufi C ya DNA, nyekundu ni T, usichague moja kwa kubahatisha, andika Y (maana yake C ama T). Giardia ina nyuklia mbili, na kundi B hasa hubeba nakala zinazotofautiana ndani ya seli moja. Kwa hivyo vilele viwili vinaweza kuwa kimelea kimoja, ama viwili. Kloni peke yake haitatenganisha hayo mawili, labda usome seli mojamoja.

Nyambu: Asante sana! Na DNA nahifadhi vipi, kwetu stima inapotea kila saa.

Mimi: Gawanya kwa mirija midogo midogo, usigandishe na kuyeyusha mrija mmoja kila siku. Kila sampuli weka nusu kwa friza nyingine.

mama_mbwa: Mimi sina lab, nina German Shepherd anaharisha tu. Klorini inaua hiyo kitu?

Mimi: Klorini ya kawaida haiaminiki kwa sisti, mama. Chemsha maji ya kunywa. Vyombo vyake na sakafu mwagia maji yanayochemka, uache vikauke juani. Akishapewa dawa na daktari wa mifugo muoshe manyoya ya huko nyuma, sisti hushika hapo anajilamba anaanza tena.

mama_mbwa: Na paka wangu?

Mimi: Naye apimwe, na sanduku lake la choo lioshwe kila siku.