Kutoa jeti kwenye boti na kuweka sterndraivu ya propela: anza na transomu

Watu wengi wakiwaza hii kazi wanawaza mguu tu, yaani ile draivu ya nyuma yenye propela, wanautafuta miezi, wakiupata wanaona nusu ya kazi imeisha. Hapana. Mguu ndo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kwenye transomu, ule ukuta wa tezi yaani nyuma ya boti, na kwenye tumbo la boti pale jeti ilipokuwa inanyonyea maji, na hapo ukilipua hakuna draivu itakayokuokoa.

Sababu ni hii. Kwenye jeti msukumo unabebwa na pampu, na pampu imeshikwa kwenye tumbo la boti, transomu imetobolewa tu ili mdomo wa pampu utokee nje. Kwenye sterndraivu msukumo wote unaingia kwenye transomu, mguu unaning'inia hapohapo, na injini nayo kwa nyuma imekalia bamba la ndani la transomu. Kwa hiyo ukuta uliokuwa unabeba kidogo sana ghafla unabebeshwa kila kitu.

Ushauri wangu wa kwanza, usinunue vipande vipande. Tafuta boti iliyooza mwili lakini ina sterndraivu kamili, uichukue nzima: mguu, bamba la ndani na la nje, kapla (kiungo cha injini na draivu), flaiwili na hauzingi yake, pampu ya trimu (ya kuinua na kushusha mguu), kebo za gia, usukani, waya, geji, mpaka bolti. Vitu vidogo ndo vinamaliza hela. Na kabla hujafungua hata nati moja kwenye hiyo boti ya zamani chukua vipimo vyote, kimo cha shimo toka chini ya tumbo, pembe ya transomu, vitako vya injini viko wapi, piga picha nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Sasa transomu. Gonga kwa nyundo ya mpira kuanzia juu kushuka chini, ukuta ulio salama unalia kavu na mkali, uliooza unajibu kwa sauti nzito kama umegonga gunia. Alafu toboa vitundu vidogo kwa ndani, hasa chini karibu na ngama (sakafu ya ndani maji yanapokusanyika) na kuzunguka lile tundu la pampu, angalia kinachotoka kwenye drili. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni salama. Ukitoka mweusi, unanata, ukiuminya kati ya vidole unatoa maji, basi kata ngozi ya ndani utoe mbao zote. Usijidanganye na kiraka. Kwa maoni yangu kwenye boti ya jeti toa tu hata kama ni nzima, maana lile shimo la zamani halifanani na la sterndraivu, na kuweka plaiwudi mpya ya marine iliyopakwa epoksi pande zote ni rahisi kuliko kujaribu kuziba na kukata tena kwenye mbao za zamani.

Unene una sheria. Kwa sterndraivu za MerCruiser transomu inatakiwa iwe kati ya mm 51 na 57, nyuso za ndani na nje ziwe sambamba, tofauti isizidi mm 3, na pembe iwe kati ya nyuzi 10 na 16. Ikiwa nene au nyembamba zaidi mabamba hayakai sawa, gaskiti inavuja, na injini haitanyooka na draivu hata ukeshe.

Shimo la tumboni ndo linanitia hofu kuliko yote kwa sababu liko chini ya maji muda wote. Usiweke bamba na bolti ukasema imetosha. Saga kingo za shimo mpaka ziwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene, yaani kama tumbo lina mm 10 mteremko uwe mm 120 kuzunguka shimo lote, alafu weka faibaglasi tabaka kwa tabaka, nje na ndani. Tumia epoksi, inashika resini ya zamani vizuri zaidi kuliko polyesta. Kwa nje hakikisha umerudisha umbo la V kama la mkuku, kukibaki hata kibonde kidogo maji yanakorogeka yakiwa na hewa na propela iko nyuma yake tu, itashika hewa kila ukikata kona. Kwa ndani vuta stringa, ile mihimili ya urefu ya tumbo, mpaka zifike transomu uzilaze kwa faibaglasi, kwenye boti nyingi za jeti zimeishia au zimekatwa kupisha pampu.

Kimo cha shimo jipya tumia templeti ya draivu yenyewe, usikisie kwa macho. Mguu ukikaa chini sana unaburuta maji, ukikaa juu sana propela inanyonya hewa.

Injini ya jeti inaweza kutumika lakini iangalie kwanza. Nyingi zimewekewa kemshafti kali kwa sababu jeti haina gia ya kubadilisha, haijali injini ikitetemeka ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kupewa mafuta. Sterndraivu inajali. Alpha, draivu ndogo ya MerCruiser, inaingia gia kwa meno, ukiingiza injini iko juu inagonga vibaya na meno yanaisha, na juu ya nguvu farasi 300 hivi mimi naenda Bravo, draivu yao kubwa, ambayo klachi yake ni ya koni na mwili wake ni mzito zaidi. Kupoza nako kunabadilika, jeti ilikuwa inasukuma maji kwenye injini kwa presha ya pampu yake, sasa unahitaji pampu ya maji ghafi, yaani ya kuvuta maji ya nje: Alpha inayo ndani ya mguu, Bravo inakaa kwenye injini. Na injini itarudi nyuma mpaka iguse transomu, kwa hiyo tezi inakuwa nzito, hamisha betri na vingine vizito kuelekea omo mapema.

Kunyoosha injini na draivu usiharakishe hata kidogo. Unachukua chuma maalum cha kupimia, unakipaka grisi kwenye ncha, unakipitisha kwenye beringi ya gimbali, pale shafti ya draivu inapopita, mpaka kiingie kwenye spilaini (meno ya ndani) za kapla, kiingie kwa vidole viwili bila kulazimisha. Kitoe uangalie grisi, alama za spilaini zinatakiwa zionekane sawa mzunguko mzima. Zikionekana upande mmoja tu, pandisha au shusha vitako vya mbele, rudia. Inaweza kuchukua mara kumi, fanya zote kumi, maana kapla ikiliwa injini inatoka tena.

Petroli usiichezee. Stata na altaneta ziwe za marine zisizotoa cheche nje, weka feni ya kutoa mvuke kwenye ngama, iwashe dakika 4 kabla ya kupiga stata.

Propela piga hesabu kwanza. Injini raundi 4600 kwa dakika, gia 1.5, pichi (umbali propela ingesonga kwa mzunguko mmoja) inchi 21, na 1056 ni ya kugeuza inchi kwa dakika kuwa maili kwa saa: 4600 gawa 1.5 zidisha 21 gawa 1056 unapata maili 61 kwa saa, toa slipu, yaani mtelezo wa propela majini, kama asilimia 12, inabaki kama kilomita 86 kwa saa. Ukiwa majini fungua mafuta yote ukiwa na mzigo wako wa kawaida, raundi zikizidi kiwango cha injini ongeza pichi, zisipofika punguza, kila inchi moja ni kama raundi 150 mpaka 200. Safari ya kwanza iwe fupi karibu na ufukwe, kila dakika tano fungua kifuniko uweke mkono mkavu kwenye kiraka cha tumbo na kuzunguka bamba la transomu kwa ndani, ukitoka na unyevu rudi nchi kavu siku hiyohiyo.