Kumpeleka Kambo baharini: somo la safari ya vizazi vitatu, Lubumbashi hadi Zanzibar

Mama yangu, ambaye nyumbani wote tunamwita Kambo (kwetu ndiyo mama ya mzazi) tangu mjukuu wa kwanza azaliwe, ana miaka 74. Amezaliwa Pweto, na maji makubwa aliyoyajua maisha yake yote ni ya ziwa Mweru. Siku moja baada ya misa akatuambia, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwamba anataka kuionja bahari ahakikishe kama kweli ina chumvi. Miezi kumi na minne baadaye tulikuwa njiani watu kumi na mmoja: Kambo, mimi na bwana yangu, kaka yangu na mke wake, dada yetu mdogo, na watoto watano, mdogo wao wa miaka mitatu. Pesa ilikuwa ya likelemba ya familia, yaani kuchangiana kwa zamu, na daftari nilishika mimi, kwa hiyo ninayoandika hapa yametoka daftarini.

HATUA YA 1: Pima mwili wa mzee kabla ya kupima mfuko

Wengi huanza na bei. Sisi tulianza na miguu ya Kambo. Jumamosi moja tulimpakia kwenye gari tukaenda naye Likasi na kurudi, bila shughuli yoyote kule, tuone tu atakaaje. Baada ya saa moja na nusu miguu ilianza kuvimba, na akawa mkali kwa kila mtu. Daktari wake alituambia asimame na kutembea mara kwa mara, anywe maji, asiruke dawa ya presha hata siku moja.

Kutokana na Likasi ile tukaweka sheria mbili: hakuna siku ya zaidi ya saa sita za gari, na kila saa moja na nusu tunashuka. Kaka yangu alilalamika sana, maana Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 2,000 na vijana huzimaliza kwa mabasi ya usiku. Lakini kijana akichoka analala, mzee akichoka anaugua, na akiugua Mpika, huko Zambia, hapo wote kumi na mmoja mnakaa Mpika.

HATUA YA 2: Tarehe

Hapa hakuna mjadala mrefu. Watoto wanafunga shule mwanzoni mwa Julai, na Zanzibar masika ya Machi hadi Mei yamekwisha. Julai na Agosti ni kukavu, joto halichomi, upepo wa kusi unavuma. Ubaya wake ni kwamba wageni wa Ulaya nao wana vakansi, hivyo vyumba vinapanda. Bebeni masweta. Najua mnacheka, masweta ya baharini! Lakini mtapita Mbeya, na Mbeya ya Julai ni baridi kama asubuhi zetu za Juni, au zaidi.

HATUA YA 3: Karatasi

Anzeni miezi minne kabla. Kila mtoto awe na pasipoti yake, hata wa miaka mitatu, na kila pasipoti ibaki na angalau miezi sita. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ila msidhani mipaka imegeuka mlango wa jikoni. Konsulati ya Zambia na ya Tanzania zote ziko hapa Lubumbashi. Nendeni na pasipoti mkaulize habari za visa kabla ya kulipa chochote. Sisi tulikwenda mara mbili, mara ya pili mwezi mmoja kabla ya kuondoka, kwa sababu masharti hubadilika.

Kadi ya manjano ya homa ya manjano ndiyo itakayoangaliwa kuliko mnavyofikiri. Kongo imo katika nchi zenye ugonjwa huo, na Tanzania inaidai kwa kila anayetoka huku akiwa na mwaka mmoja na zaidi. Inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, basi msiende kuchanja wiki ya safari. Na kama mtu alishachanjwa zamani, tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Asikubali kuambiwa kimepitwa na wakati kwa sababu ya miaka kumi.

Zanzibar ina jambo lake peke yake: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya huko huko, ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Inalipwa kwenye intaneti. Iwekeni kwenye hesabu mapema. Mimi niliisahau, na likelemba ikanitazama vibaya.

Fotokopi za kila karatasi, seti mbili, katika mifuko miwili tofauti. Mifuko ya kitambaa, tafadhali, maana sashe za plastiki zimepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

HATUA YA 4: Njia yenyewe

Tulikodi basi dogo na dereva hadi Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania, kisha upande wa Tanzania tukakodi Coaster. Hakikisheni dereva wa kwetu amezoea kushika kushoto, kwa sababu ukivuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, barabara inageuka.

Siku ya kwanza ni mpaka. Tokeni alfajiri. Kutoka mjini hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, lakini malori ya shaba yanaweza kukula asubuhi nzima. Mzee na watoto wapite kwa miguu na mtu mzima mmoja, wengine wabaki na gari. Tukalala Kitwe. Siku ya pili Serenje, ya tatu Mpika, ya nne Nakonde. Zambia hiyo ni ndefu na miti ni ileile, watoto waliuliza mara mia kama tumefika. Kambo yeye alikuwa anahesabu makaa yanayouzwa barabarani na kulinganisha bei na za Lubumbashi.

Siku ya tano tulivuka Tunduma tukafika Mbeya, na siku ya sita hatukufanya kitu. Siku hiyo ndiyo pesa bora niliyoitumia. Nguo zilifuliwa, watoto walikimbia, Kambo alilala hadi saa nne.

Kisha Iringa. Kutoka Iringa kwenda Morogoro ndiko kuzuri: mnateremka mlima Kitonga kwa kona zinazofanya akina mama wataje watakatifu wote, chini mnakuta mibuyu, halafu barabara kuu inakatisha ndani ya hifadhi ya Mikumi. Twiga, tembo, pundamilia, mnawaona kwa dirisha bila tiketi. Ila hakuna kushuka, hata kwa haja ndogo. Malizeni hayo kabla. Na dereva aende polepole, kugonga mnyama kuna faini.

Morogoro tuliacha barabara tukapanda treni mpya ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Chini ya saa mbili uko Dar es Salaam, choo kimo ndani, hakuna foleni ya malori. Kambo alisema angependa iendelee hadi Pweto.

HATUA YA 5: Saa, kisha boti

Hapa kosa ni letu wenyewe. Tanzania iko saa moja mbele yetu. Tena sisi wa Lubumbashi tunataja saa kwa Kifaransa, na kule wanahesabu Kiswahili cha jua: "boti ya saa moja asubuhi" ni sept heures, yaani 7:00. Bwana yangu alisikia saa moja akafikiri ni ya mchana, 13:00. Tukakimbia bandarini na Kambo amebebwa kwenye mkokoteni wa mizigo, anacheka peke yake.

Boti ziendazo kasi huchukua kama saa mbili hadi Unguja, na mgeni hulipa karibu dola 35. Chagueni ya asubuhi, kwa sababu kusi hukazana kadiri jua linavyopanda na mkondo ule hurusha boti. Kaeni chini, katikati kuelekea nyuma, tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Tangawizi ilisaidia. Kaka yangu aliyekuwa na haraka tangu Kitwe ndiye aliyetapika.

HATUA YA 6: Pa kulala

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na nyumba zake zina ngazi za kumaliza magoti. Nyembamba, zimesimama wima, giza. Kabla ya kulipa uliza swali moja tu: "Kuna chumba cha chini, na choo chake kiko chini?" Wakikujibu "ngazi ni chache" hiyo ni hapana.

Usiku mbili za mji zinatosha: Forodhani jioni, sokoni Darajani, boti ya kwenda kisiwa cha Changuu watoto wakaone kobe wakubwa. Baada ya hapo tukahamia Jambiani, upande wa mashariki, nyumba nzima yenye jiko na mama wa kupika. Kwa watu wengi nyumba ni nafuu kuliko vyumba vitano vya hoteli, na mzee anakuwa na baraza la kukalia wakati wengine wanazurura.

HATUA YA 7: Bahari ina ratiba yake

Watu watawaambia Nungwi na Kendwa, fukwe za kaskazini, ni bora kwa sababu unaogelea saa yoyote. Kweli. Lakini watoto wetu hawajui kuogelea, na Jambiani mwamba wa matumbawe uko mbali, ndani yake maji ni ya kina kifupi. Maji hujaa kwa kama saa sita na kupwa kwa kama saa sita, na kila siku ratiba inasogea karibu dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ndiyo bamvua: hupwa mbali kabisa na hurudi kwa nguvu. Muulizeni mwenyeji kila asubuhi, na mtu mzima mmoja asimame na simu akiangalia saa. Vaeni viatu vilivyofunga mguu, kambambili hazitoshi. Kuna viumbe vyeusi vya miiba mirefu, ukikanyaga utalia.

Maji yalipokupwa Kambo aliwaona akina mama wanafunga mwani kwenye kamba. Akakunja kikwembe, akaenda kuuliza wanalima nini. Alirudi baada ya saa mbili, anajua bei ya kilo, anajua nani ameachwa na mume. Na bahari, ndiyo, ina chumvi. Alionja kwa kidole, akatema, akaonja tena.

Neno moja la lugha. Fundisheni watoto kusema "Shikamoo", kule mtoto asiyeamkia anaonekana hana wazazi. Na "bibi" kwao ni kambo, kwetu ni mke. Mwenyeji alimuuliza kaka yangu, "Bibi hajambo?" Akajibu, "Bibi yangu yuko anaoga." Kambo alikuwa ameketi mbele yao, anakula embe.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU

Mama wa Likasi: Yaya (dada mkubwa), jumla ilikuwa ngapi? Usitufiche.

Jibu: Kidogo chini ya dola 6,000 kwa watu kumi na mmoja, siku ishirini na mbili. Magari yalikula sehemu kubwa, kisha kulala njiani. Chakula kilikuwa nafuu kwa sababu tulipika. Badilisheni dola kuwa shilingi benki au duka la fedha. Tangu Machi 2025 Tanzania imekataza kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Noti ziwe mpya na zisizochanika, lakini hilo watu wa Lubumbashi hatufundishwi.

Papa wa Kolwezi: Kwa nini hamkuchukua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia? Sisi wazee tunaipenda.

Jibu: Papa, hata mimi. Kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi hadi Dar, imejengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, na inapita porini kwenye wanyama. Lakini treni za abiria zimesimama mara kadhaa miaka hii, na zikitembea zinachelewa. Ulizeni stesheni wiki ileile ya kuondoka, na muwe na mpango wa pili. Kwa vijana peke yao ningesema jaribuni.

Dada wa Kamalondo: Mama yangu ana miaka 68, hajawahi kuchanjwa homa ya manjano. Tumpeleke tu?

Jibu: Hapana, daktari kwanza. Kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa iko juu kidogo, na daktari ndiye wa kupima. Akiona haifai anaweza kuandika cheti cha msamaha wa kiafya. Hicho nacho kionyesheni konsulati mapema, msisubiri mpakani.

Kijana wa Kenya (si nchi, ni commune ya hapa hapa mjini Lubumbashi): Hiyo "kadi ya manjano" si ile ya bima ya gari?

Jibu: Ndugu yangu, ziko mbili! Ya chanjo ni ya mtu. Ya gari ni ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inafanya kazi Zambia na Tanzania, na dereva wenu lazima awe nayo. Kwetu polisi aliomba "Yellow Card", bwana yangu akamtolea vyeti kumi na kimoja vya chanjo.

Mama wa Kalemie: Na sisi tuzunguke hadi Kasumbalesa?

Jibu: Hapana mama, nyinyi ziwa liko mlangoni. Vukeni hadi Kigoma, kutoka pale kuna reli ya zamani na mabasi hadi Dar. Karatasi ni zilezile, ukiondoa za Zambia.

Tantine wa Ruashi: Ninachukua mtoto wa dada yangu, wazazi wake wanabaki.

Jibu: Autorisation parentale, yaani ruhusa ya wazazi ya maandishi, yenye sahihi za wazazi wote wawili, ihalalishwe, pamoja na fotokopi za vitambulisho vyao na cheti cha kuzaliwa. Andikeni tarehe ya kwenda na ya kurudi, na namba ya simu ya mzazi atakayeshika simu hiyo siku ya mpaka.

Papa wa Kolwezi, tena: Kambo alirudi kwa njia ileile?

Jibu: Tulimrudisha kwa ndege kupitia Nairobi, na dada yetu mdogo. Alisema Zambia ameshaiona. Ndani ya sanduku lake tulikuta chupa ya lita moja na nusu, maji ya bahari.