Umepata field serikalini na umeambiwa utafiti teknolojia mpya? Anzia hapa

Umeripoti field, yaani mafunzo kwa vitendo, na barua yako ya utambulisho, umepelekwa kitengo cha TEHAMA au sera na mipango, halafu bosi anakwambia "wewe kijana tuangalizie hizi AI, blokcheni na droni, utuletee ripoti". Hapo wengi wanakimbilia kugugo wanaandika kurasa arobaini kuanzia historia ya kompyuta, ripoti inapigwa spairo vizuri, inaingia kabatini na hakuna anayeifungua tena.

Wiki ya kwanza achana na teknolojia kabisa, nenda masjala, pale barua na majalada yanapotunzwa. Salimia vizuri, shikamoo mama, shikamoo mzee, maana wale watu wa masjala ndo wanajua ofisi inavyoendeshwa kuliko hata mkurugenzi, ukae nao uone barua inapoingia inagongwa muhuri, inapewa folio (namba yake ndani ya jalada), jalada linapanda kwa bosi linashuka kwa afisa, linalala wapi na linalala kwa nini. Kisha hamia kaunta uangalie mwananchi anadaiwa nini. Swali langu pendwa ni hili: kuna kitu gani anaombwa kuleta ambacho serikali tayari inacho? Ukikuta mtu anatoa kopi ya kitambulisho cha NIDA wakati namba yake ipo kwenye mfumo, andika. Ukipata sehemu mbili tatu za namna hiyo tayari una mada, na ni mada ya ofisi yenu, hujaiokota Google.

Hatua inayofuata ni kujua kipi kimeshajengwa, na hapa usilipue. Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ambayo ndo iliyoipa eGA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao, meno, na taasisi haijianzishii mradi wa TEHAMA kivyake vyake tu bila kupitia kwao. Kuna GePG ya malipo, ile inayokupa kontro namba. Kuna GovESB, inayofanya mifumo ya taasisi tofauti ibadilishane taarifa bila mtu kubeba flashi, wazo la aina moja na X-Road ambayo Estonia wanaitumia tangu 2001. Sasa wewe uje upendekeze "mfumo mpya wa malipo wenye blokcheni", watakusikiliza kwa heshima na chai utapewa, ila ndo imeisha hiyo. Mi naona GePG ni somo zuri kwa mwanafunzi yeyote kwa sababu haina mbwembwe, mtu wa kijijini mwenye kitochi analipia huduma kwa simu na hajui hata kama kuna kitu kinaitwa GePG.

Mifano ya nje ya ofisi tafuta michache ila uichimbe. Zanzibar kuanzia 2016 walipiga picha za Unguja na Pemba kwa droni ili wapate ramani mpya, na waliorusha zile droni ni pamoja na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwahiyo usidharau nafasi yako. Dar nako mradi wa ramani unaoitwa Ramani Huria ulitumia wanafunzi wa vyuo kuchora mitaa inayofurika. Rwanda tangu 2016 wanapeleka damu hospitalini kwa droni za kampuni ya Zipline. Ukiangalia zote tatu swali lilikuwa dogo na linaeleweka, nyumba ziko wapi, maji yanapita wapi, damu itafikaje, teknolojia ikaja baadae kama jibu.

Tafuta na mfano uliokwama, maana bosi atakuuliza "na ikishindikana?". Kenya walikuwa na Huduma Namba, mpango wa namba moja ya utambulisho na kadi yake kwa kila mtu, Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa zile kadi haukuwa halali kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanyika kwanza kama Sheria yao ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Ona, mashine hazikuwa tatizo pale. Na sisi sheria yetu ya taarifa binafsi ipo, ni ya 2022 na imeanza kazi Mei 2023, ina tume yake kabisa, kwahiyo kwenye kila pendekezo weka aya ya nani ataziona hizo taarifa na zitakaa wapi.

Hapo hapo na wewe jichunge. Usichukue orodha ya wananchi ukaimwaga ChatGPT eti ikupangie, wala usipige picha jalada kwa simu yako. Akili mnemba (hiyo AI) itumie kwa vitu vya wazi kama sheria na hotuba, na bado urudi kwenye maandishi yenyewe uhakiki, inatunga vifungu hadi unashangaa.

Ripoti ndefu ni ya chuo. Ya ofisi iandike kama dokezo sabili, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi, kurasa mbili, aya zenye namba: tatizo, lilivyo sasa, njia mbili au tatu ikiwemo ya kutobadilisha chochote, gharama hata kwa kukadiria, pendekezo, halafu "naomba kuwasilisha". Muombe afisa yeyote akuonyeshe dokezo la zamani lisilo la siri uige mpangilio. Lugha iwe Kiswahili cha kawaida, mkurugenzi mwenye vikao vitano kwa siku hana muda wa "mageuzi ya kidijitali yenye tija jumuishi".

Omba nafasi ya kuwasilisha kwenye kikao cha kitengo, hata dakika kumi zinatosha, na ufanye hivyo mapema kidogo kabla muda wako haujaisha ili wakikurudishia marekebisho uwe bado upo. Logbuku, lile daftari la kazi zako za field, nayo isainiwe kila wiki, usisubiri mwisho, maana wakubwa wa Dodoma wanasafiri sana kikazi na muhuri uko kwenye droo yao.