Taa za baa ya ufukweni: zipange kabla makuti hayajapanda

Unapojenga upya baa ya ufukweni, mwite fundi umeme boriti zikiwa bado wazi. Makuti yakishafungwa, waya wowote utakaoongezwa utaning'inia ovyo au utafichwa ndani ya majani, na humo ndimo panya hutafuna na moto huanzia. Pitisha waya zote ndani ya paipu juu ya boriti, na usiache kiungo hata kimoja ndani ya makuti. Balbu za halojeni zisipandishwe kabisa, zina moto mno. Weka LED, nazo zikae angalau nusu mita kutoka kwenye majani.

Gawa swichi nne: kaunta, meza, jikoni pamoja na vyoo na njia, kisha upande wa bahari. Jikoni panahitaji mwanga mwingi, luksi 500 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Mezani luksi 30 hadi 50 zinatosha kusoma menyu na kumwona mwenzako usoni. Taa za nje zote zipite kwenye kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampia 30. Mteja anatoka majini miguu imelowa, akishika nguzo yenye umeme hana kinga nyingine.

Kaunta ya mita 6 inatosha taa 4 za kuning'inia, kila moja wati 5, kelvini 2700, yaani mwanga wa umanjano. Ya kwanza iwe sentimita 75 kutoka pembeni, zinazofuata kila baada ya mita 1.5. Kifuniko kiizibe balbu isimpige mtu machoni akiwa amekaa. Rafu ya chupa ndiyo wengi huikosea: utepe wa LED ukiwekwa nyuma tu, kinywaji kinang'aa lakini lebo inakuwa nyeusi. Ubandike chini ya ukingo wa mbele wa rafu ya juu, nyuma ya kibao kidogo, uelekee chupa.

Nunua utepe wa volti 24, si 12. Utepe wa wati 60 kwa volti 12 unavuta ampia 5. Ukilishwa kwa waya wa milimita mraba 1.5 ulio na urefu wa mita 10, volti 1.2 zinapotea njiani na rafu nzima inafifia. Kwa volti 24 zinapotea 0.6 tu. Dima, kifaa cha kupunguza mwanga, nayo iwe ya LED, kwa sababu ile ya balbu za zamani huzifanya taa zipepese.

Adui mkubwa ni chumvi. Kusi ikivuma, mvuke wa bahari unaingia kila tundu. Taa ya aluminiamu iliyofungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida hutoa unga mweupe kuzunguka skrubu, rangi inabanduka, na siku ya kubadilisha balbu skrubu inakatika. Tumia skrubu za stenlesi daraja la 316, uzipake grisi kabla ya kukaza. Taa za nje ziwe IP65 au zaidi, namba inayoonyesha kwamba taa inazuia vumbi na maji ya kurushwa, lakini namba hiyo haisaidii kama waya umeingilia juu. Uingize kwa chini, ukiwa umepinda kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye taa. Taa yenye joto ikipigwa na mvua ghafla, hewa ya ndani hunywea na kufyonza unyevu kupitia mpira uliolegea. Ukiona ukungu ndani ya kioo, chanzo ni hicho. Zioshe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi.

Upande wa bahari, punguza. Penye kasa wanaotaga, kama Watamu na Mafia, watoto wa kasa hufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa zako zikiwavutia nchi kavu watakufa. Weka LED za rangi ya kaharabu (manjano ya machungwa), zenye urefu wa mawimbi ya mwanga zaidi ya nanomita 560, chini ya goti na zimulike ardhini tu. Rangi hiyo huvuta wadudu wachache pia.

Kabla ya kutoboa chochote, funga taa kwa kamba usiku mmoja, kisha nenda usimame maji yanapoishia na utazame nyuma. Kila balbu unayoiona kutoka hapo inahitaji kifuniko au kuhamishwa.