Bili ya Hospitali ya Kibinafsi Mombasa: Anza Kuipunguza Mgonjwa Akiwa Bado Kitandani

Hospitali ya kibinafsi ni biashara. Kuna mishahara ya mwisho wa mwezi, kuna mkopo wa benki ulionunua mashine ya CT, na kuna mwenyewe anayengoja faida. Bili zake hupunguzwa, tena mara nyingi, lakini kwa sababu za kibiashara: pesa taslimu iliyopatikana leo, kitanda kinachoachwa wazi kwa mgonjwa mwingine, na deni ambalo likienda kortini litachukua miezi kulipika. Anayeingia ofisi ya mhasibu akilia hupewa pole. Anayeingia na karatasi huketishwa, mazungumzo yakaanza.

Jua pia umeingia hospitali ya aina gani. Si kila isiyo ya serikali ni ya faida. Aga Khan pale Kizingo, kwa mfano, haiendeshwi kwa faida na ina mpango wa ustawi wa wagonjwa wasiojiweza. Kule unajaza fomu, hali yako inachunguzwa, unajibiwa. Hospitali ya daktari mmoja au ya kampuni haina lazima ya kuwa na mfuko kama huo. Kinachobaki ni hiari ya meneja, na hiari ya meneja hupatikana kwa maandalizi.

Mlangoni, kabla ya dipoziti

Ikiwa ni dharura (ajali, mama anayetoka damu, mtu aliyezirai), Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaiwekea hospitali yenye uwezo wa kutibu na ikakataa faini ya hadi Sh3,000,000. Taja vifungu hivyo kwa sauti ya chini. Mpokeaji wageni hana mamlaka, lakini atamwita mwenye mamlaka. Elewa lakini kwamba haki hiyo ni ya kuokolewa na kutulizwa hali. Haifuti bili, wala haikupi wiki mbili za kulazwa bure.

Hali ikitulia, uliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi fomu ya kulazwa: kitanda cha wodi ya pamoja ni pesa ngapi kwa siku, daktari bingwa hutoza ngapi kwa kila mara anapompitia mgonjwa, na siku mpya ya bili huanza saa ngapi. Hilo la tatu watu hulisahau. Mgonjwa akiruhusiwa asubuhi na karatasi zikakamilika alasiri, huenda mkalipishwa siku nzima ya ziada.

SHA: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Tangu Oktoba 2024 SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, na kuwa na kadi ya zamani ya NHIF hakukusaidii chochote. Piga *147# uone mambo mawili tofauti: kama umesajiliwa, na kama umelipa. Wengi wamesajiliwa tu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa awe amepeleka pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asipopeleka, anayekwama wodini ni wewe, kwa hivyo mpigie mtu wa mishahara siku hiyohiyo. Asiye na ajira ya mshahara hujibu maswali ya kupima uwezo, kisha hupangiwa kiasi cha kulipa kwa mwaka mzima kwa mpigo. Cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Ukiweka hii kando ya dipoziti ya hospitali yoyote ya Nyali utaona kwa nini tunaitaja mwanzo.

Uliza kwenye kauntari kama hospitali ina mkataba na SHA, na mkataba huo ni wa huduma gani. Nyingine zina mkataba wa uzazi na kulazwa bila wa upasuaji mkubwa. Kisha jua SHA inalipa kiasi gani ili usidanganyike na neno «tunakubali SHA». Kujifungua kawaida ni Sh10,000, kwa upasuaji Sh30,000. Kulazwa ni Sh3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4 na Sh3,920 katika ngazi ya 5. Kusafisha figo ni Sh10,650 kwa kila kipindi. Siku tano ngazi ya 4 ni Sh16,800, na bili ya kibinafsi ya siku tano haifanani na hiyo hata kwa mbali. Tofauti yote ni yako, nayo ndiyo ya kujadiliwa.

Mambo yanayoharibika hapa ni yaleyale kila siku. Mke au mtoto hajaongezwa kwenye akaunti ya mwenye kulipa. Jina la kitambulisho na jina lililosajiliwa yanatofautiana herufi moja. Upasuaji umefanywa kabla kibali cha SHA hakijatoka, halafu mhasibu anasema haiwezekani tena. Hili la mwisho ndilo ghali kuliko yote. Upasuaji usio wa dharura usikubali kuingia chumba cha upasuaji mpaka uione idhini kwenye mfumo wao, siyo kuambiwa «imeshatumwa». Hospitali isipoweza kutatua, piga 147, au nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road, ukiwa na kitambulisho na fomu ya kulazwa.

Mwenye bima ya kampuni atumie hesabu hiyohiyo: kibali kwanza, na swali la kikomo kilichobaki mwaka huu.

Kuna pia bili ambazo si zako kabisa. Aliyeumia kazini, awe bandarini, kwenye ghala la Shimanzi au juu ya jengo, gharama za matibabu ni za mwajiri chini ya WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa idara ya usalama kazini ndani ya siku saba tangu apate habari. Mpelekee taarifa kwa maandishi, ujumbe wa simu pia unatosha kuanzia. Aliyegongwa na gari achukue hati ya polisi ya ajali (abstract) mapema, maana bila hiyo bima ya gari haitamsikiliza.

Kila jioni, bili ya muda

Usingoje siku ya kuruhusiwa. Kila jioni nenda kwenye kitengo cha bili uombe bili ya muda, ile inayoonyesha mmefika wapi, na uombe iwe na mchanganuo wa kitu kimoja kimoja. «Dawa: 48,300» si mchanganuo. Kaa nayo na kalamu. Angalia siku za ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, zisizidi siku halisi, kwani mgonjwa aliyehamishwa wodini saa nne asubuhi huweza kuandikiwa ICU siku ile nzima. Angalia dawa zilizobadilishwa na daktari kama zilirudishwa famasi na kuondolewa kwenye bili. Angalia kipimo kilichoandikwa mara mbili kwa sababu sampuli ya kwanza iliharibika. Sampuli ikiharibikia maabara, hasara ni ya maabara. Glavu, sindano na pamba huandikwa kwa boksi wakati zilizotumika ni chache.

Jamaa mmoja tu afanye kazi hii, mwenye daftari. Wakija watano kwa zamu, kila mmoja huambiwa jambo lake.

Bili ya muda ina faida nyingine: inakuonyesha lini uhame. Ukiona siku ya pili tu imeshavuka uwezo wa ukoo mzima, zungumza na daktari juu ya rufaa ya kwenda Makadara, yaani Coast General. Kuhama kunataka mgonjwa awe ametulia, barua ya rufaa, kukubaliwa na daktari wa upande wa pili na kitanda kilichothibitishwa, pamoja na ambulensi ambayo nayo ni pesa. Mgonjwa wa ICU hahamishwi mpaka kitanda cha ICU kithibitishwe kule, na hicho hukosekana. Lakini hospitali ya umma ina maafisa wa ustawi wa jamii na utaratibu wa weva, yaani kusamehewa bili, kwa asiyeweza kulipa, jambo ambalo kwa mfanyabiashara hulipati. Kuona haya kwamba «tumemtoa prava tukampeleka Makadara» kumeuza mashamba mengi ya Pwani.

Kuomba punguzo

Bili ya kibinafsi ina wenyewe wawili. Sehemu moja ni ya hospitali: kitanda, dawa, maabara, chumba cha upasuaji. Sehemu nyingine ni ya madaktari: mpasuaji, wa usingizi, bingwa anayepita asubuhi. Mara nyingi meneja hana mamlaka juu ya ada za daktari, na daktari hana mamlaka juu ya kitanda. Anayeomba «bili yote ipunguzwe» hujibiwa na mmoja kwamba aende kwa mwingine. Muone daktari peke yake, mweleze hali, umuombe apunguze ada yake na amjulishe mhasibu kwa maandishi. Madaktari hukubali kuliko watu wanavyodhani, mradi waombwe kabla ya bili kufungwa.

Kwa hospitali, andika barua kwa msimamizi mkuu, siyo kwa mhasibu. Ipeleke siku moja au mbili kabla ya kuruhusiwa, nakala moja igongwe muhuri ubaki nayo. Ambatisha nakala ya kitambulisho, hati ya mshahara au taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, na barua ya chifu au mzee wa mtaa. Mfano, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji:

«Bili ya mke wangu ni Sh165,000. SHA imelipa Sh30,000, nasi tulitoa dipoziti ya Sh50,000. Imebaki Sh85,000. Mapato yangu ya tuktuk yameonyeshwa kwenye taarifa niliyoambatisha. Naomba nipunguziwe Sh20,000. Leo nitalipa Sh35,000 taslimu. Sh30,000 zitakazobaki nitalipa kwa awamu tatu za Sh10,000, kila tarehe 5, kuanzia mwezi ujao. Mdhamini wangu ni ndugu yangu, ambaye barua yake ya ajira imeambatishwa.»

Hakuna neno la huruma humo, na ndiyo maana inasomeka. Kiasi cha leo ndicho kinachofanya kazi kubwa. Usikitaje mpaka uwe nacho mkononi. Awamu nazo ziwe ndogo kuliko unazoweza, kwa sababu ukikosa moja, makubaliano huvunjika na punguzo huenda likarudishwa juu.

Pesa ya leo itoke wapi

Mchango wa WhatsApp huenda mbali ukiwa na namba ya paybill ya hospitali yenyewe na namba ya mgonjwa kama akaunti. Mchangiaji anajua pesa haipiti mkononi mwa mtu, na wewe huhangaiki na kikomo cha M-Pesa cha Sh500,000. Weka picha ya bili ya muda, ficha namba ya kitambulisho, na utangaze kila jioni kiasi kilichobaki. M-Changa, jukwaa la mtandaoni la kuchangisha pesa, nayo hutumika kwa michango mikubwa.

Kwa Waislamu kuna mlango ambao watu huuacha wazi bila kuupita. Miongoni mwa aina nane za wanaostahiki zaka zilizotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, wamo wenye madeni. Kwa hivyo ombi lako kwa kamati ya msikiti au kwa mfanyabiashara anayetoa zaka liandikwe hivyo: huyu ni mdaiwa, deni ni hili, ushahidi ni bili hii. Mwenye zaka atalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali moyo ukiwa umetulia. Usingoje Ramadhani, wapo wanaohesabu mwaka wao Rajab au Muharram. Kwa Wakristo, anza na jumuiya ndogondogo ya parokia, ambayo hujua nyumba yako, kabla ya kwenda juu.

SACCO na chama hutoa mkopo wa dharura kwa riba inayobebeka. Mikopo ya programu za simu iache. Riba yake ya mwezi itakula zile awamu ulizoahidi.

Wakikataa kumruhusu

Mahakama Kuu imeamua zaidi ya mara moja kwamba kumzuia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zake. Anayedai aende kudai kwa njia ya kawaida ya madeni. Kuhusu maiti, ni mahakama ya hapahapa Mombasa, katika kesi ya 1998, iliyosema kuwa sheria haiifanyi maiti kuwa rehani ya bili. Hata hivyo kuzuiliwa kunaendelea, kwa hiyo fanya haya kwa mpangilio. Omba karatasi ya kuruhusiwa yenye tarehe na sahihi ya daktari. Andika barua fupi kwamba kuanzia tarehe hiyo hukubali ada ya kitanda, maana kila siku ya kushikiliwa huongezwa kwenye bili. Pendekeza makubaliano yako tena, kwa maandishi. Yakikataliwa, wakili au kituo cha msaada wa kisheria aandike barua ya madai. Mara nyingi barua moja huwatosha. Malalamiko ya matibabu au ada za daktari yanakwenda KMPDC, baraza linalosimamia madaktari.

Wanaweza kukuomba rehani. Kitambulisho asili usiache, toa nakala. Hati ya nyumba au kitabu cha gari usikabidhi bila karatasi inayotaja kiasi cha deni na siku ya kurudishiwa.

Ukitoka na deni, wanaweza kukushtaki, na kwa deni lisilozidi Sh1,000,000 ni Mahakama ya Madai Madogo. Ukipata wito, nenda. Asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa. Beba barua yenye muhuri na risiti zote, kwani hata hakimu huangalia nani alikuwa akilipa na nani alijificha. Baada ya awamu ya mwisho, dai barua inayosema salio ni sifuri, kabla hujatoka kwenye ile kauntari.